Kiboksi cha dawa cha nyumbani kwa elfu hamsini: niweke nini, niache nini?

MamaMaandazi (Pasua, Moshi)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, na mnivumilie kwa urefu, maana nisipoeleza vizuri mtaniorodheshea vitu vya hospitali nzima.

Mimi nakaanga maandazi na vitumbua hapa nyumbani. Jiko nawasha saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu watu wameshaanza kupitia dirishani: watoto wa shule, madereva wa bajaji, mafundi wanaowahi saiti. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, bomba liko uani tunalitumia kaya nne. Tupo sita. Mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa kuchomelea, watoto watatu (wa kidato cha kwanza, wa darasa la pili, na wa miaka miwili na nusu ambaye anapanda kila kitu), na mama mkwe wangu aliyeshuka kutoka Kibosho tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya kliniki ya presha.

Jumamosi iliyopita wa darasa la pili alipita nyuma yangu kunyakua andazi la moto, kiwiko kikagonga sufuria ya chai ya maziwa. Mungu alinihurumia, karai la mafuta lilikuwa upande wa pili. Chai yote ikamwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mama mkwe kasema ute wa yai. Jirani wa chumba cha mbele kaja mbio na dawa ya meno, ameshaifungua kifuniko. Mwingine kasema kuna mtu mtaa wa pili anafuga sungura, tukachukue manyoya. Mume wangu kaingia ndani kutafuta "ile dawa ya tyubu", akamwaga droo yote ya kabati mezani. Nitawatajia vilivyotoka: nusu kadi ya Panadol, kichupa cha GV kilichokauka, vidonge vinne vya mseto vya malaria vilivyobaki mwaka juzi, chupa ya amoksilini ya maji imenata kwenye karatasi ya bima, plasta mbili zisizoshika tena, betri, na ufunguo wa kufuli ambalo hatunalo. Tyubu haikuwepo. Baadaye nimekumbuka niliitupa mwenyewe.

Aliyefanya la maana ni binti wa kidato cha kwanza. Kamvuta mdogo wake hadi bombani, bomba halitoi. Kamrudisha, kamkalisha kwenye kigoda, kachukua jagi na ndoo ya maji niliyoyachota jioni, akaanza kummiminia. Anamimina, mdogo mtu analia, yeye anahesabu. Mimi mama mtu nimesimama na mwiko mkononi.

Hospitali nesi akauliza, nani alimwagia maji? Nikajibu ni mimi. Nilishaungama kwa binti yangu usiku ule ule, kwa hiyo msinihukumu.

Mkono unaendelea vizuri, wamefunga na tunarudi kusafisha kila baada ya siku mbili. Ila aibu ya ile droo haijanitoka. Nimepokea zamu yangu ya mchezo na nimetenga 50,000. Mjini nimeona begi jekundu limeshajazwa, 85,000, muuzaji anasema lina kila kitu. Nisubiri niongeze hela nilichukue, au ninunue kimoja kimoja? Niweke nini? Dawa zilizobaki nizitunze? Na niweke wapi pasipofikiwa na huyu mpanda ukuta wangu?

NesiMstaafu (Sakina, Arusha)

Mwanangu, pole sana, na umpe pole mjukuu wangu. Umpe pia hongera dada yake. Mimi nimestaafu unesi, na miaka yangu 11 ya mwisho nilikuwa chumba cha majeruhi, kwa hiyo mkono ulioungua chai nimeuona mwingi kuliko chai yenyewe.

Nianze na maji kwa sababu hayauzwi famasi na ndiyo dawa ya kwanza. Aliyeungua kwa moto, maji ya moto, uji, chai au mafuta, mpoze kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana. Watu wakisikia dakika 20 wanadhani natania, wanamwagia mara tatu, mtoto akinyamaza wanaacha. Ngozi ni kama maharage uliyoyaepua: jiko limezimwa lakini ndani bado yanaiva. Wakati unapoza, mvue bangili, saa, pete, shanga, kabla hapajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Sehemu nyingine ya mwili mfunike asipate baridi, hasa mtoto mdogo na hasa alfajiri.

Bomba lenu halitoi, basi nakufundisha hesabu ya ndoo. Ndoo ya lita 20 ukimwaga ovyo haifiki hata dakika tano. Weka beseni safi chini ya mkono, mimina taratibu kwa jagi, beseni likijaa chota yale yale umimine tena. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kiboksi chako hakiingii kwenye kiboksi: ni ndoo yenye mfuniko, imejaa, ambayo haiguswi kwa kuosha vyombo. Kwako wewe unayekaanga kila siku, nisingelala bila hiyo ndoo.

Ukimaliza kupoza, funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, ile ya kwenye roli, au khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi. Lengelenge usilitumbue. Akiwa ameungua usoni, kiganjani, kwenye kiungo au sehemu za siri, au eneo linazidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, ni hospitali bila mjadala.

Sasa manunuzi. Gozi, nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kidonda kimoja cha kisu kinamaliza pakiti. Bandeji za kuvuta mbili. Plasta ndogo na mkanda wa plasta wa kubandikia gozi. Glovu. Mkasi unaokata kweli, usiazimwe kukatia nyuzi. Kibano cha kutolea mwiba na kibanzi. Kwa mume wako fundi kitatumika, ila kipande cha chuma kilichoingia jichoni asiguswe na mtu, wala asifikichwe, apelekwe. Themomita. ORS na zinki za anayeharisha. Paracetamol ya mkubwa na ya mtoto. Iodini ya kupaka. Basi, hapo umemaliza, hela itabaki.

Kidonda cha kukatika kioshwe kwa maji mengi na sabuni. Spiriti ni ya kufutia mkasi na kibano; ukiimwaga kwenye kidonda unaunguza nyama nzima iliyokuwa inajiandaa kupona. Kikitoa damu nyingi, weka gozi, kandamiza kwa kiganja dakika 10 kwa kuangalia saa. Usifunuefunue kama unaangalia wali. Gozi ikilowa ongeza nyingine juu, ile ya chini usiitoe. Na kama ni msumari au bati lenye kutu, muulize lini alichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Asipokumbuka, akachomwe.

Weka pia khanga moja kuukuu, safi, uifunge kwenye mfuko wake. Ni kitanzi cha kubebea mkono uliovunjika, ni shuka ya kufunikia aliyeungua, ni ya kukandamizia damu gozi ikiisha. Sijaona kitu cha dukani kinachoishinda khanga.

Mbeba_Begi (Rau, Moshi)

Mama, usinunue hilo begi jekundu. Nakwambia mimi ambaye kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na begi la huduma ya kwanza ndilo mto wangu wa kulalia.

Shemeji yangu aliwahi kulinunua kama hilo. Tulipolifungua tulikuta vitambaa vya spiriti zaidi ya thelathini, filimbi, blanketi la karatasi ya fedha linalopiga kelele kama pakiti ya krispi, kijitabu cha lugha ambayo hakuna anayeisoma pale Rau, na gozi moja. Moja! Filimbi utampigia nani Pasua saa kumi alfajiri? Watakuja wateja.

Watu wanachanganya begi la safari na kiboksi cha nyumbani. Kule juu, ukiwa njia ya kwenda mita 5,895, adui ni hewa nyembamba, kwa hiyo nabeba oksijeni, kifaa cha kupimia hewa kwenye kidole, dawa za mwinuko. Nyumbani kwangu mwinuko ni ngazi tatu za mlangoni, na nina kopo la biskuti tu. Ndani kuna gozi, bandeji, plasta, ORS na tochi. Tochi usiisahau aisee. Umeme ukikatika watu ndipo wanapojikata.

Halafu nikupe zoezi tunalofanya na vijana wangu kabla ya safari. Zima taa. Sema "mtoto kajikata mguu". Hesabu sekunde hadi mtu aweke gozi mezani. Mara ya kwanza vijana wangu walichukua dakika nne na nusu, na begi lilikuwa limekaliwa na mmoja wao.

Wa_Enzi_Zile (Kiboriloni)

Naona mnatisha watu bure. Mimi nimeungua mara tatu maishani, mara zote dawa ya meno, na leo hakuna kovu. Bibi zetu walilea watoto kumi na mbili na ute wa yai na asali, hakukuwa na gozi wala glovu. Siku hizi mtu akichomwa na mwiba anataka kwenda hospitali ya KCMC. Na jiwe la nyoka je, nalo mtasema ni uongo? Mjomba wangu liliganda mguuni lenyewe mpaka sumu ikaisha, ndipo likadondoka.

NesiMstaafu (Sakina, Arusha)

Kaka yangu wa Kiboriloni, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Dawa ya meno inaleta ubaridi kwa sababu ya mnanaa uliomo, ndiyo maana ukadhani inaponya. Ulipona kwa sababu ulikuwa umeungua kidogo. Yule aliyeungua sana akiletwa kwetu amepakwa, kazi ya kwanza ilikuwa kuikwangua hiyo dawa iliyokauka juu ya nyama, mtoto ameshikwa na watu wanne. Nenda ukasimame pale mara moja halafu uje tuzungumze. Ute wa yai ni mbichi, una vijidudu, na wewe unaupaka mahali ambapo ngozi ya kuzuia vijidudu imeondoka. Mafuta ya kupikia na siagi vinashikilia joto ndani. Manyoya ya sungura sitaki hata kuanza.

Bibi zetu walilea kumi na mbili, kweli. Waliozaliwa walikuwa wangapi?

Jiwe la nyoka ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linaganda kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu, kama biskuti inavyoganda kwenye ulimi. Sumu ya nyoka haikai pale kwenye tundu la meno ikisubiri kufyonzwa, imeshaingia mwilini. Waliopona nalo wengi waling'atwa na nyoka asiye na sumu, au nyoka aliyeng'ata bila kutoa sumu, jambo ambalo hutokea. Aliyeng'atwa alazwe, mguu au mkono ufungwe na ubao au mti ili usitikisike, vua viatu na pete, abebwe kwenda hospitali kubwa. Asichanjwe kwa wembe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza damu, asitembezwe. Nyoka msimfuate, mtaongeza mgonjwa wa pili.

KauntaYaDawa (Ngaramtoni, Arusha)

Mimi ni muuzaji wa duka la dawa muhimu, na nimesoma ile droo yako mama nikacheka peke yangu kaunta, mteja akaniuliza kulikoni. Kila nyumba ina droo hiyo. Nikusaidie kuisafisha.

Vidonge vinne vya mseto: toa. Dozi ya mseto inamalizwa, haibakizwi. Kilichobaki maana yake kuna mtu hakumaliza, na atakayekuja kuvila homa ikipanda atakuwa anakula nusu ya nusu. Homa ni kipimo kwanza. Amoksilini ya maji ikishachanganywa na maji inadumu wiki moja au mbili tu kulingana na maelezo ya chupa; hiyo yako ni mchuzi. Dawa za vijidudu usiweke akiba hata kidogo, si zako wala za jirani. Usizitupe jalalani watoto wakaziokota, zirudishe famasi au hospitali wakuelekeze.

Kwenye paracetamol ndipo kina mama wanapoteleza. Ya maji iliyo nyingi madukani ni miligramu 120 kwa kila mililita 5, ila soma chupa, zipo za nguvu tofauti. Mtoto anahitaji miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo yake, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Mwenye kilo 20 ukimpa mililita 10 umempa 240, yuko salama. Tumia kikombe au bomba lililokuja na chupa, vijiko vya chai vya nyumbani kila kimoja kina tumbo lake. Na angalieni dawa za mafua, nyingi ndani zina paracetamol hiyo hiyo. Mama anampa mtoto ya homa, baba anarudi anampa ya mafua, mtoto kameza dozi mbili. Mtu mzima vidonge vya 500 ni kimoja au viwili, visizidi vinane kwa siku nzima. Aspirini kwa walio chini ya miaka 16 usiiweke kabisa.

Halafu una mama mkwe wa presha. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha na kuchosha figo, kwa hiyo goti likimuuma usimpe tu kwa sababu mume wako alipewa. Na dawa zake za presha zisikae kwenye kiboksi wala kwenye mkoba ulioning'inia kitasani. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu vidonge viwili vitatu vya bibi ni hatari kuliko kisu. Mpatie bibi mahali pake pa juu penye kufuli. Si ulisema una ufunguo?

ORS pakiti ya kawaida ni kwa lita moja kamili ya maji safi, ila soma pakiti. Watu wanaitia kwenye chupa ya soda ya nusu lita, inakuwa kali, au kwenye chupa kubwa ya lita moja na nusu, inakuwa maji tu. Chupa mbili za nusu lita zinatosha kupimia. Ikipita siku moja mwaga, tengeneza nyingine. Zinki kwa mtoto aliyezidi miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Kiboksi kisikae juu ya jiko wala bafuni. Joto na mvuke vinaua dawa kabla ya tarehe yake.

Baba_Kulwa (Usa River)

Naongeza moja tu. Hakikisha mafuta ya taa na dawa ya madoa hayakai kwenye chupa ya soda. Kulwa wangu aliyanywa akiwa na miaka mitatu. Mama yangu kwa nia njema akampa maziwa na kumtia kidole atapike. Daktari alituambia kutapisha ndiko kulikoyapeleka mapafuni. Wiki nzima wodini, anapumua kama mbwa aliyekimbia. Usitapishe, usimpe kitu, beba chupa yenyewe wakaione, kimbia.

MamaMaandazi (Pasua, Moshi)

Jamani asanteni, nimesoma kwa sauti na familia nzima ilikuwa inasikiliza, hadi jirani wa dawa ya meno alikuwepo. Amenuna kidogo.

Nimenunua leo. Gozi roli mbili 3,000. Bandeji za kuvuta mbili 5,000. Plasta 3,000, mkanda 2,000. Glovu pea tano 2,500. Mkasi 3,000, kibano 1,500. Themomita ndiyo iliyonuna bei, 7,000. ORS na zinki 3,000, paracetamol ya mtoto 2,500 na ya wakubwa 1,000. Iodini 3,000. Tochi 5,000. Jumla 41,500. Ile 8,500 iliyobaki nimeifunga kwenye karatasi na kuiweka humo humo, imeandikwa BAJAJI. Mume wangu kaangalia akasema hiyo karatasi haitamaliza wiki. Nimemwambia nitaihesabu kila Jumapili baada ya misa.

Kiboksi chenyewe ni ndoo nyeupe ya siagi ya kilo 10, yenye mfuniko wa kukaza. Ninazo nyingi kwa ajili ya biashara, nimeiosha na maji ya moto ikakauka juani siku mbili. Mdogo kajaribu kuifungua kwa meno ameshindwa. Ndani ya mfuniko binti kaandika kwa kalamu ya wino mzito: kilo za kila mtoto, dawa za bibi na kipimo chake, namba ya dereva wa bajaji anayelala nyumba ya tatu, Zimamoto 114, polisi 112.

Tulifika kwenye jiwe la nyoka. Mama mkwe analo, alirithi kwa baba yake, linakaa kwenye kitambaa cheusi ndani ya mkoba. Nilimsomea maneno ya nesi pole pole, sikutaka aone namvunjia heshima. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Baba yangu alikufa kwa nyoka, na jiwe lilikuwa mfukoni kwake." Nimeishi naye miezi hii yote na hilo sikuwahi kulisikia. Akasema jiwe litabaki mkobani kwa kumbukumbu, na kwenye ndoo yeye ataweka rozari. Nimekubali. Haina tarehe ya kuisha.

Nesi, kuna moja limebaki. Mama analalamikia baridi, usiku anataka jiko la mkaa chumbani anakolala na wajukuu, anasema mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi. Kwao Kibosho wamelala na moto miaka yote. Nimwambieje?

NesiMstaafu (Sakina, Arusha)

Mwambie nyumba ya zamani ya Kibosho ilikuwa inapumua, moshi ulitoka juu kwenye majani. Chumba cha matofali chenye dirisha la kioo na mlango uliozibwa tambara hakipumui. Mkaa mwekundu ndio mbaya zaidi kwa sababu hauonyeshi: hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, haikohozeshi, inalaza. Kila mwaka ikifika mwezi wa sita na wa saba huku kwetu Arusha nilijua tutaletewa. Unakuta familia imelala vizuri, mashuka hayajachafuka, na jiko liko katikati limezimika lenyewe.

Mkiamka na kichwa kinauma wote kwa pamoja, mna kichefuchefu na mnalegea, fungueni mlango, toeni watu nje, halafu hospitali, hata mkijisikia nafuu. Mpe mama chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, miguuni. Na soksi. Jiko lilale nje.

MamaMaandazi (Pasua, Moshi)

Nimemsomea. Kaniuliza huyo nesi ni wa ukoo gani, nikasema sijui, akasema anaongea kama dada yake marehemu. Jiko liko uani. Nimemnunulia blanketi la mtumba, zito, na chupa ya maji ya moto ni ya konyagi iliyoachwa na baba mwenye nyumba, tumeibandua karatasi.

Jana usiku tulifanya lile zoezi la kaka wa Rau. Sikumwambia mtu. Saa tatu nikazima swichi kubwa, nikapiga kelele, "Mtoto kajikata!" Binti alikuwa na ndoo mezani kwa sekunde 38, tochi inawaka, glovu kavaa. Wa darasa la pili, na mkono wake wenye bandeji, alishika jagi akaenda kwenye ndoo ya maji bila kuulizwa. Bibi alisali. Mume wangu naye alikimbia, nasikia anahangaika gizani, anavuta kitu, mfuniko unagoma. Niliporudisha umeme alikuwa amepiga magoti jikoni, mikono nyeupe hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amefungua ndoo ya ngano.

Leo asubuhi ndoo ya dawa imefungwa kipande cha khanga nyekundu kwenye mpini. Kakifunga mwenyewe.